Nilimwambia kwamba kirusi kimekufa

Mwezi Septemba 2023, katika kijiji kimoja cha bonde la Ziwa Rukwa, nilibisha hodi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nikiwa na kisanduku cha chanjo ya polio begani, na mwanamke aliyetoka kunipokea alinitazama usoni kwa muda kabla ya kuitikia salamu yangu. Kisha akasema, "Dada nesi, mimi nakufahamu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba kirusi kilichomo kwenye matone kimekufa. Leo watu wanasema ugonjwa umetokana na matone hayohayo. Sasa nishike lipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi sikuwa na pa kukwepea, kwa sababu nilichomwambia zaidi ya miaka ishirini nyuma hakikuwa kweli, na siku ile nilipokuwa nikimwambia nilijua kwamba si kweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa siku za kitaifa za chanjo ya polio, nami nikiwa muuguzi kijana niliyepangiwa kituo chini ya mwembe pamoja na wachanjaji wengine wawili. Foleni ilikuwa ndefu na jua limeshapanda. Chupa za matone zilikuwa zimeanza kuja na alama mpya kwenye karatasi ya ubavuni, duara la zambarau lenye mraba mweupe katikati, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wa sekondari, aliniuliza alama ile ni ya nini. Nilifurahi kuulizwa, nikamweleza kwamba mraba ule hukolea rangi pole pole kadiri chupa inavyopata joto, na ukifikia rangi ya duara lake, chupa hiyo haifai tena kutumiwa. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ndani mna kitu kilicho hai, ambacho joto linakiua?"

Hakuna mwalimu wa chuo cha uuguzi ambaye angeuliza swali zuri kuliko hilo. Mama yule, kwa kutazama alama ya ukubwa wa punje ya mahindi, alikuwa ameifikia hoja yote ya mnyororo baridi: kwamba chanjo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kusafirishwa kwa barafu, kwa sababu kirusi kilichomo ni hai, ingawa kimedhoofishwa. Nami niliitazama foleni, nikaona akina mama walio nyuma yake wametega masikio, nikaogopa kwamba neno "hai" likitamkwa pale litavunja kituo kabla ya saa sita. Nikamjibu, "Hapana, mdogo wangu, kirusi kimekufa kabisa, usiwe na wasiwasi." Akamgeuza mtoto, nikambinya mashavu, nikadondosha matone mawili, nikampaka wino kidoleni, akaenda zake.

Sikusema uongo kwa kuwadharau akina mama wale. Kaka yangu aliyeniachia ziwa alipooza mguu wa kushoto mwaka 1972, miaka mitatu kabla ya mpango wa taifa wa chanjo kuanzishwa, na mama yetu alisimulia mara nyingi jinsi alivyolala na homa kama watoto wengine, na siku ya tatu akateremshwa kitandani na mguu ukakunjika chini yake kama kitambaa. Nimekua nikimwona akiusogeza mguu ule kwa mkono anapotaka kukaa. Baadaye nilijifunza kwamba katika kila watu 200 wanaoambukizwa polio, takribani mmoja tu ndiye anayepooza na wengine hupita na mafua au tumbo au bila dalili yoyote, nikatambua kwamba mwaka ule kirusi kilikuwa kimepita katika nyumba nyingi za kijijini kwetu kimya kimya kabla ya kujionyesha kwenye mguu wa kaka yangu. Kwa hiyo nilipokuwa chini ya mwembe sikutaka hata mtoto mmoja aondoke bila matone, na nikadhani kwamba jambo jema kiasi hicho linaweza kubeba uongo mdogo. Hapo ndipo nilipokosea. Uongo ule ulinipatia mtoto mmoja kwa siku moja, lakini ulimwachia mama yake maelezo ambayo yangebomoka siku atakapopata habari kamili kutoka kwa mtu mwingine.

Habari hizo zilimfikia mwaka 2023. Nchi yetu, Tanzania, ilikuwa haijapata mgonjwa wa kirusi cha asili cha polio tangu mwaka 1996, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi hicho. Kisha Februari 2022 Malawi ikatangaza kupata mtoto aliyepooza kwa kirusi cha asili kilichofanana na kile cha Pakistani, nasi tukaanza tena kuzunguka nyumba kwa nyumba, tukianzia mikoa inayopakana na Malawi. Mwaka uliofuata likatokea la kwetu, hapa hapa Rukwa, ambapo mtoto alipooza na vipimo vikaonyesha kirusi cha polio aina ya pili kilichotokana na chanjo. Serikali ikaandaa kampeni ya Septemba katika mikoa sita, yaani Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, kwa watoto wenye umri chini ya miaka minane.

Mwanamke yule alinikaribisha, tukakaa kwenye mkeka ukumbini, naye akaweka mbele yangu kadi za kliniki za wajukuu wake wawili. Nilianza kwa kumwomba radhi. Nilimwambia kwamba swali lake la zamani lilikuwa sahihi, kwamba kirusi cha kwenye matone hakikuwa kimekufa, na kwamba nilimficha kwa woga wangu. Hakunijibu neno, alisogeza tu kigoda kwa ajili ya kisanduku changu kisikae sakafuni penye joto, na hapo nikajua kwamba bado anakumbuka somo la ile alama.

Kisha nikamweleza, kwa utaratibu ambao tangu siku ile ndio ninaoufuata kila ninapoulizwa. Kirusi kilichodhoofishwa kikimezwa hukaa kwenye utumbo wa mtoto na kuzaana humo kwa wiki kadhaa, na mwili hukitambua na kutengeneza kinga, kwenye damu na vilevile kwenye utumbo wenyewe, mlango ambao polio huingilia. Katika wiki hizo mtoto hukitoa kwenye choo. Mahali ambapo vyoo si vizuri na maji ni ya kisima cha wazi, mtoto wa jirani huweza kukimeza, naye akapata kinga bila hata kutembelewa na mchanjaji. Ikiwa watoto wengi wa kijiji wameshachanjwa, safari ya kirusi hicho huishia hapo kwa kukosa pa kukaa. Lakini mahali ambapo wengi hawajachanjwa, hutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, mwezi baada ya mwezi, na kila kinapozaana hujinakili, na katika kunakili hukosea.

Makosa hayo ndiyo mabadiliko ya kirusi tunayoyasikia. Kirusi cha polio kina maandishi ya vinasaba yenye herufi zipatazo 7,500, na hakina namna ya kuyapitia na kuyasahihisha kila kinapoyanakili. Makosa mengi hayana athari, na mengine hukiua chenyewe. Machache, hata hivyo, huangukia kwenye zile herufi chache ambazo ndizo zilizokidhoofisha, na kirusi kinachozipoteza hurejea taratibu kwenye tabia yake ya zamani ya kushambulia mishipa ya fahamu. Kwa kawaida hilo huhitaji kuzunguka kwa takribani mwaka mzima au zaidi miongoni mwa watu wasio na kinga. Ndiyo maana, nilimwambia, ni kweli kwamba ugonjwa umetokana na matone, na ni kweli vilevile kwamba umetokana na watoto wengi waliokosa matone. Mtu akishika nusu moja ya ukweli huu akaiacha nyingine, atapotoka.

Aliniuliza watu wa maabara wanajuaje kwamba kirusi hiki ni cha chanjo na si cha asili. Swali hili nililipenda, kwa sababu nimewahi kukusanya mwenyewe sampuli za choo za watoto waliopooza ghafla: mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza, zikafungwa na kusafirishwa kwenye barafu kama chanjo yenyewe. Maabara husoma sehemu moja ya vinasaba yenye herufi takribani 900 na kuilinganisha na kirusi cha chanjo. Kwa aina ya pili, ikiwa herufi sita au zaidi zimebadilika, wanajua kwamba kirusi hicho kimekuwa kikizaana kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Na kwa kuwa herufi hizo hubadilika kwa kasi inayojulikana, kiasi cha asilimia moja kwa mwaka, wanaweza hata kukadiria umri wa safari yake, kama sisi wauguzi tunavyokadiria umri wa mimba kwa kupima kimo cha tumbo. Alicheka kwa mfano huo, na ulikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka asubuhi ile.

Lakini akarudi kwenye zile kadi. Alifungua ya mjukuu mkubwa, mtoto wa miaka sita, akanionyesha kwa kidole mstari wa polio: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, tarehe zote zimeandikwa na sahihi ipo. "Kadi imejaa," akasema, "mnataka kumchanja nini tena?"

Wachanjaji wengi wakifika hapo hujibu kwamba ni agizo la serikali, nami nimewahi kujibu hivyo. Ukweli unapendeza zaidi. Polio ina aina tatu za virusi, na kinga ya aina moja haikukingi vizuri dhidi ya nyingine. Aina ya pili ya asili ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1999, na kwa kuwa ilikuwa imetoweka duniani huku aina ya pili ya kwenye chanjo ikiendelea kusababisha milipuko, Aprili 2016 nchi zote zinazotumia matone ziliiondoa na kubaki na matone yenye aina ya kwanza na ya tatu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kuwa na kadi iliyojaa matone yote anayostahili, na utumbo wake usiwe umewahi kukutana na aina ya pili. Sindano ya polio, ambayo kirusi chake ndicho kilichokufa kweli, ilianza kutolewa kwetu mwaka 2018, nayo humlinda mtoto asipooze, ila haikizuii sana kirusi kupita kwenye utumbo wake na kwenda kwa mwingine. Nilihesabu naye kwa vidole kutoka 2016 hadi 2023, akaona mwenyewe kwa nini kampeni ilitaka watoto wa chini ya miaka minane na si wa chini ya miaka mitano kama tulivyozoea.

Matone ya kampeni ile yalikuwa ya aina mpya, ya aina ya pili peke yake, ambayo wataalamu walibadilisha vinasaba vyake makusudi ili iwe vigumu zaidi kwa kirusi kurudi kwenye ukali wake. Niliona kwamba nikiishia hapo nitakuwa narudia kosa la chini ya mwembe kwa lugha nyingine, kwa hiyo nikamwambia pia kwamba vigumu si sawa na haiwezekani: Machi mwaka uleule, huko Burundi na Kongo, walikuwa wametangazwa watoto waliopooza kwa kirusi kilichotokana na matone hayo mapya. Nikamwambia pia kuhusu ile hatari nyingine ambayo tulikuwa hatuisemi kabisa, kwamba kwa matone ya zamani, takribani mara moja katika kila dozi milioni 2.7, mtoto aliyechanjwa aliweza kupooza yeye mwenyewe. Na nikaiweka hatari hiyo kando ya nyingine: mwaka 1988, dunia ilipoazimia kuitokomeza polio, watoto wapatao 350,000 walipooza katika mwaka mmoja. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilijizuia nisimsukume. Nilimwambia tu habari za mguu wa kaka yangu, kwa sababu alikuwa amenipa kigoda na nilitaka ajue mimi nasimama wapi.

Wakati huo mkwewe, mama wa watoto, alikuwa ameingia na kukaa kizingitini akimnyonyesha mtoto wa miezi minane, naye akauliza kwa sauti ya chini kuhusu surua. Mtoto alikuwa amebakiza mwezi mmoja kupata sindano. Alitaka kujua, ikiwa polio inabadilika na korona ilibadilika, sindano ya surua nayo haijapitwa na wakati?

Surua nimeiona kwa macho yangu kuliko polio. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa na chumba kizima cha watoto wa surua, macho mekundu yamevimba, midomo imepasuka, na nilijifunza kukitambua kikohozi chao kutoka kwenye baraza kabla sijawaona. Kilichoniumiza zaidi ni wale waliopona. Walirudi nyumbani wakiwa wazima, na baada ya wiki chache wakaletwa tena na nimonia, au na kuhara kusikokoma, na wengine hawakurudi nyumbani mara ya pili. Tulidhani ni utapiamlo peke yake, ambao kweli ulikuwepo. Mwaka 2019 watafiti waliopima damu za watoto kabla na baada ya surua walionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka watoto wale mmoja mmoja. Mwili wao ulikuwa umesahaulishwa yote uliyokwisha kujifunza.

Kuhusu swali lake nilimjibu kwamba kirusi cha surua nacho hukosea kinaponakili vinasaba vyake, lakini sehemu ambayo kinga yetu huishika ndiyo hiyohiyo kinayotumia kushika chembe za mwili wa mtu na kuingia ndani, na kikiibadilisha sana hakiwezi tena kuingia. Mafua makali na korona huweza kujigeuza sura na bado vikaingia, na ndiyo sababu chanjo ya mafua hupitiwa upya kila mwaka. Surua imefungwa na umbo lake. Chanjo nyingi za surua zinazotumika leo zimetokana na kirusi kilichochukuliwa mwaka 1954 kwenye koo na damu ya mvulana wa shule karibu na Boston, Marekani, aliyeitwa David Edmonston, na kizazi cha kirusi hicho bado kinawalinda watoto wa Rukwa. Mama yule kijana alimtazama mwanawe kana kwamba nimemwambia ana babu mwingine.

Nilimsisitizia jambo moja, kwa kuwa ndipo tunapowapoteza wengi. Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake, na kinga hiyo, kabla haijaisha, huizuia chanjo kufanya kazi vizuri. Miezi tisa ni umri wa mapatano: tukichoma mapema zaidi, kinga ya mama inaikataa sindano kwa watoto wengi, na tukichelewa zaidi, surua inawahi. Hata hapo, sindano ya kwanza ikitolewa katika miezi tisa huwashika watoto kama 85 kati ya 100. Wale 15 wanaobaki si kosa la mtu, na ni kwa ajili yao hasa ndiyo tangu mwaka 2014 tunatoa ya pili katika miezi 18, umri ambao mama wengi wameshaacha kuja kliniki kwa sababu mtoto anatembea na kunenepa. Surua huambukiza kwa urahisi kiasi kwamba isipokuwa watoto wapatao 95 kati ya 100 wana kinga, hupata njia. Nikaiandika tarehe ya miezi 18 kwa penseli juu ya kadi ya mtoto yule, jambo ambalo sikuwa nikilifanya zamani, na sasa ni desturi yangu.

Wajukuu wote wawili walipata matone. Mkubwa alifumba mdomo, bibi yake akamwambia afungue, akafungua. Niliwapaka wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, nikaandika kwa chaki mlangoni, na nilipokuwa nikirudisha chupa kwenye kisanduku aliniuliza kwa nini naihesabu na ile tupu. Nikamwambia kwamba chupa zote za aina ya pili, zenye matone na zilizokwisha, hurudishwa na kuhesabiwa kila jioni, kwa sababu kilichomo ni hai na hatutaki kibaki ovyo mahali ambapo hakuna anayejua kipo. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyelisubiri jibu hilo tangu zamani.

Alinisindikiza hadi kwenye njia ya miguu. Nilikuwa nageukia nyumba inayofuata kwenye orodha yangu aliponishika mkono na kunielekeza upande mwingine, ziwani, ambako nyuma ya matete kulikuwa na kambi ya wavuvi ambayo haikuwamo kwenye orodha. "Kule wapo watoto saba," alisema. "Wanahamahama na wazazi wao, hawana kadi hata mmoja, na wanachota maji hapa hapa tunapochota sisi. Ngoja nichukue kanga, twende wote, maana wewe hawakujui."